Wimbo Uliokwama kwenye Kisanduku

Chiriku alikuwa aingie chumba cha upasuaji siku ya Ijumaa. Daktari wa koo hakumficha kitu: uvimbe ungetoka, lakini sauti aliyozaliwa nayo huenda isirudi. Basi Jumatatu alimpigia simu dada yake, akamwambia hataki maua wala pole. Alitaka waimbe.

Dada mtu, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, hakuuliza ni wimbo gani. Kwa miaka ishirini na sita wawili hao walikunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, kila mmoja ameshika pembe zake mbili. Mmoja aliimba mstari huku wakisogeleana. Mikono ikigusana, mwenzake aliudaka mstari unaofuata kabla neno la mwisho halijapoa. Ukichelewa kudaka, shuka lililegea, likagusa sakafu, likarudi kufuliwa upya.

Sasa kati yao kulikuwa na mwendo wa siku mbili kwa basi, na magoti ya Bibi yalikwisha kuaga safari. Alikaa karibu na dirisha saa kumi ya alasiri, simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai. Pazia lilijaa upepo, likashuka taratibu. Akafumba macho, akaanza kuimba, na kwa kitambo aliliona shuka jeupe limenyooshwa juu ya milima na mito, Chiriku ameshika ncha ya pili. Akamaliza mstari. Akangoja.

Kimya.

Alipofungua kinywa kuuliza kulikoni, ndipo sauti ya Chiriku ilipoingia, ikagongana na swali lake kama watu wawili waliokutana mlangoni. Walijaribu mara ya pili, na ya tatu. Chiriku akasema dada amezeeka, anasinzia katikati ya wimbo. Bibi akamjibu kwamba anayesinzia ni yule mwenye domo ambalo siku zote liko mbele ila leo. Ulikuwa utani, lakini utani wenye mwiba. Jumanne mambo yakawa yaleyale, na mwishowe Chiriku akasema polepole, "Dada, kama unachelewa kwa sababu unalia, niambie. Mimi sijafa bado."

Bibi hakuwa analia. Alianza simu ilipokatika.

Mjukuu wake alimkuta hivyo aliporudi kutoka kazini. Binti huyu alikuwa fundi wa mtandao, na Bibi alipenda kumtania kwa kumwita mke mwenza. Alichuchumaa, akamshika mikono, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akakigeukia kisanduku cha mtandao kilichokuwa ukutani, taa zake za kijani zikikonyeza, na Bibi akaona uso wake unabadilika.

"Bibi," alisema, "kosa ni langu."

Mwezi uliopita maneno ya Chiriku yalikuwa yakifika yamemeguka, na Bibi alimwomba mjukuu asiache hata neno moja lipotee. Mjukuu akafanya kwa mapenzi kile ambacho asingekifanya kazini. Ndani ya kisanduku kuna bafa, akaeleza, chumba cha kungojea. Kila kitu kinachoingia au kutoka nyumbani, iwe picha au sauti, hukatwa vipande vidogo, na vipande hivyo hupanga foleni humo kabla ya kupita kwenye mlango mwembamba. Chumba kilikuwa kidogo mno, vingine vikakosa nafasi na kutupwa. Yeye, badala ya kupima, akakipanua hadi mwisho.

Tangu hapo hakikupotea kitu. Lakini kila alasiri baba yake, mpiga picha za harusi, alituma picha zake kwa mamia, nazo zikajaza chumba kizima. Kompyuta yake haikuona kipande kilichokataliwa, kwa hiyo haikujua kwamba foleni ni ndefu, ikazidi kusukuma. Na sauti ya Bibi ikasimama nyuma ya mabibi harusi wote hao, ikingoja zamu. Mjukuu alituma kipande kimoja cha majaribio, akahesabu: kwenda na kurudi, karibu sekunde tatu.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," Bibi akasema, bila kumlaumu.

Mkwe wake, yule mpiga picha, alisikia, akatoka chumbani akiona haya. Akasema, mama, nitazima kompyuta mara moja, maharusi wangoje. Binti yake akamkatalia. Chumba kikipunguzwa kwa kipimo, picha zitafika muda uleule, maana mlango haujawahi kupanuka; ila mara mojamoja kipande kitakataliwa mlangoni, na kompyuta itajua kupunguza mwendo. Kipande cha picha kitatumwa tena. Cha sauti, hapana.

"Kuna silabi zitaanguka, Bibi. Chache. Utakubali?"

Bibi alikitazama kisanduku. Hiyo ndiyo sauti ya mwisho ya mdogo wake, na anaombwa aache makombo yake yaanguke njiani.

"Punguza," alisema.

Jumatano yote mjukuu alipunguza na kupima, akapunguza tena. Alipozidisha, picha zikaanza kuchechemea; akarudi nyuma kidogo. Alhamisi saa kumi picha zilikuwa zikienda kama kawaida. Bibi alimwona mkwe wake amesimama mlangoni, kidole juu ya swichi ya kompyuta, tayari kuizima endapo mambo yangeharibika. Hakumwambia kwamba amemwona.

Akaimba mstari wa kwanza. Neno la mwisho lilikuwa bado mdomoni mwake, Chiriku alipolidaka, kwa sauti ya mkwaruzo, changa na kuukuu kwa pamoja, na chumba kikawa kama kimeinuliwa kidogo kutoka ardhini. Wakaenda hivyo, mstari kwa mstari. Katika ubeti wa tatu neno moja la Chiriku likakatika katikati. Bibi akalitamka mwenyewe, polepole, wimbo ukapita.

"Umeupata wote?" Chiriku akauliza walipomaliza.

"Neno moja lilidondoka."

"Lipi?"

"Silisemi. Utaliimba kwa nguvu halafu uharibu."

Chiriku akacheka papo hapo, juu ya kicheko cha dada yake, wala hakuna aliyemngoja mwenzake. "Basi tuanze tena," akasema, "na safari hii natangulia mimi."