Mikono ya Mama Pasi

Kitendawili! Mbwa wangu ni mmoja, lakini kila nikimbadilisha mkia, anabweka kivingine. Umeshindwa? Basi nipe mji, nikwambie: ni neno la Kiingereza. "Take" mpe mkia wa "off", anavua. Mpe "away", anaondoa. Mpe "over", anashika usukani. Mbwa huyo ndiye aliyemtoa jasho Mama Pasi.

Mama Pasi alikuwa dobi wa hoteli, miaka kumi na tisa ndani ya mvuke. Kifua kikaanza kulia kama mlango mbovu, daktari akasema, "Mama, toka huko." Njia ya kutoka ilikuwa moja tu: awe msimamizi wa vyumba, na msimamizi husailiwa kwa Kiingereza. Alikwishaanguka usaili huo mara mbili. Ya tatu ndiyo ya mwisho.

Kule kufulia mashine hunguruma hata ukimwita mwenzio hasikii, kwa hiyo madobi husemezana kwa mikono. Mama Pasi akasomea hukohuko. "Take off", akavuta foronya. "Put on", akaivisha mto. "Hang up", akainua mkono kwenye kamba. "Run out", akatikisa kopo tupu la sabuni. Jioni akarudia jikoni, mwiko mkononi.

Wifi yake, mwenye ulimi usiojua likizo, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wifi, unasoma au unafukuza nzi?" Kisha akapekua daftari. "Haya, na hii 'give up', kukata tamaa, mkono wake upi?"

Mama Pasi akafungua kiganja, akakifunga. Kila jioni wifi aliuliza. Kila jioni kiganja kikafunguka, kikafungika bure.

Siku ya usaili, meneja, mwanamke wa miwani, akamwonyesha kiti. Mama Pasi akaketi kwa adabu, mikono mapajani, kama mara zile mbili. Meneja akauliza kwa Kiingereza: mgeni kapiga simu, taulo zimemwishia, utamwambia nini?

Kichwa kikawa cheupe kama shuka. Kifua kikaanza wimbo wake. Mara akaliona kopo la kalamu mezani. Mkono ukatoroka wenyewe, ukalitikisa.

"Sorry you ran out, madam," ulimi ukaufuata mkono. "I will bring up some more."

Akaomba asimame. Meneja akaitikia kwa kichwa. Hapo tena! Akavua foronya isiyokuwepo, "I take off the old one." Akavisha mto usiokuwepo, "I put on the clean one." Akakunja, akatundika, akaokota. Aliulizwa kumi, akajibu kumi, na kopo la kalamu likadakwa na meneja mwenyewe likiwa njiani kwenda sakafuni.

Alirudi nyumbani na barua mkobani: Jumatatu aanze ghorofa ya tatu, yenye madirisha mapana. Mlangoni akavuta pumzi ndefu. Haikukwama.

Wifi aliisoma barua mara mbili, akapiga kigelegele hadi jirani akachungulia. Kisha akajifuta macho kwa pindo la nguo.

"Hongera, wifi yangu. Lakini leo hunikwepi. 'Give up', mkono wake upi?"

Mama Pasi akavuta kigoda, akaketi wima. Akaweka mikono mapajani, kiganja juu ya kiganja, akafumba mdomo.

"Ndio huu," akasema. "Niliufanya mara mbili, bila kuujua."