Kigoda Kilichogoma Kuinuka

Frednand alitoka Bugarama kwenda Nemba kumposa Yuster, mimi nikiwa mshenga wake, akakuta baba mkwe ana msiba wa mti. Mlimau wa Mzee Ngassa, ambao marehemu mama yake aliupanda walipohamia kutoka Shinyanga, ulikuwa umeliwa na mchwa hadi moyoni.

"Mtoto wa mti huu akishika mizizi, Yuster ni wako," mzee alisema. "Asiposhika, kaoe kwa Wahangaza wenzako, mnaokula ndizi mpaka mnapinda kama ndizi."

Bahati nzuri Frednand alikuwa na kopo la unga wa kuotesha mizizi. Akakata vitawi vichanga, vile laini vya nchani, akachovya vitako vyake kwenye unga, akavichomeka kwenye mchanga wenye unyevu mbele ya nyumba na kuvifunika nailoni.

"Sasa, baba, tusivisumbue."

Kumwambia Msukuma asikague mali yake ni sawa na kumwambia ng'ombe asicheue. Kila asubuhi mzee alivichomoa kimoja kimoja, akavitazama kama anayekagua meno ya dume mnadani, akavirudisha.

"Shikamoo, baba. Ukivichomoa havitaota," Frednand akamwambia.

"Marahaba. Nisipovichomoa nitajuaje vimeota?"

Mimi na kidato changu cha nne tukarudishia nailoni.

Mwishowe mzee akaishuku dawa yenyewe. "Dawa ya kweli haichagui mgonjwa," akasema. Akachukua kigoda alichorithi kwa baba yake, akakipaka unga miguu yote, akakikalia nyuma ya zizi penye tope la samadi, akavuta tumbaku kutwa nzima. Jioni akainuka. Kigoda hakikuinuka.

Tulikivuta mimi, Frednand na Yuster. Wapi. Nikashauri tukichimbue kwa jembe. Mzee akanitazama kana kwamba nimetaka kumfukua baba yake. Na kigoda cha baba hakilali nje peke yake. Basi akahamia huko huko nyuma ya zizi na blanketi lake, ugali ukawa unamfuata.

Huku mbele, vitawi vikapumua. Hakuna aliyevichomoa. Frednand akavinyunyizia maji taratibu, majani mapya yakatoka, na siku moja akampelekea mzee kimoja kikiwa na mizizi myeupe kama ndevu zake.

Mzee akakigeuza, akakinusa. "Mama amerudi," akasema. "Yuster ni wako."

Frednand akapiga magoti kushukuru.

"Ila Bugarama ni mbali," mzee akaendelea, huku akichuma jani changa kwenye mguu wa kigoda na kulitafuna. "Nawe miguu yako naiona myepesi. Ule unga umebaki?"

"Umebaki kidogo, baba."

"Ulete. Na uvue viatu."

Tangu hapo Frednand akiwa ukweni hasimami mahali pamoja. Hata siku ya ndoa, mbele ya altare, alikuwa akiinua mguu huu, akishusha ule, mpaka padri akamnong'oneza kwamba choo kiko nyuma ya kanisa.