Spika za Nyuma

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, tunamwita Profesa. Si kwamba kasoma sana. Ni kwamba hakuna jambo asilolijua. Ukiumwa jino atakueleza dawa, ukipika atakuelekeza chumvi. Basi siku niliyokwenda kununua risiva ya sinema ya nyumbani, lile boksi linalogawa sauti kwenye spika tano na sabufa, aling'ang'ania kunisindikiza, nami nikajua leo nitakoma.

Ilikuwa zawadi kwa mume wangu. Alikuwa mlinzi wa ghala mpaka alipodondoka ngazi kazini akapasuka kisogo. Macho yake yapo, mazuri tu kama zamani, ila hayaoni kitu. Daktari alisema sehemu ya ubongo inayoona iko huko nyuma, na ndiyo iliyoumia.

Tangu arudi kutoka hospitali hakutoka chumbani. Anakula humohumo, anashinda humohumo, kaegemea ukuta, uso kaelekeza mlangoni. Mtu aliyekuwa akitumalizia filamu zote! Haijafika nusu, kashakwambia nani muuaji, mpaka mimi na binti yetu tunamrushia mito. Sasa binti anaingia kumsalimia, anajibiwa kwa kichwa. Halafu wiki ile nikamsikia anaongea peke yake, anauliza anaishi ili iweje. Nikasema hapana, huyu mtu nitamtoa humo ndani kabla hajanifia hivihivi. Kama macho yamegoma, masikio yatamwonyesha picha.

Dukani Profesa alikimbilia risiva nyeusi inayong'aa, haina hata kitufe kimoja, unaigusa kioo.

"Shemeji, hii ndiyo habari ya mjini!"

"Na kaka yako ataiendeshaje? Ataipapasa kama meza?"

"Atatumia rimoti."

"Yenye maandishi madogo kama chawa? Hebu nipishe."

Nikafumba macho palepale, nikaanza kupapasa vitufe vya risiva moja baada ya nyingine. Wateja wakanitazama, Profesa akajifanya hanijui. Zile za bei ya juu nilizipita, mfuko wangu naujua mwenyewe. Kwenye rafu ya chini nikaikuta ya bei nafuu, nzito, ina duara kubwa la kuongezea sauti na vitufe vilivyochomoza. Kimoja kina kinundu katikati, kidole kinakipata chenyewe. Nikamwambia muuzaji aiwashe.

Akaweka kipande cha filamu. Mtu anatembea. Viatu vilianzia mbele, vikapita kuliani mwangu, vikaenda kusimama nyuma ya shingo yangu kabisa. Nywele zilinisimama. Nikageuka, kumbe ni ukuta! Nikacheka kama mtoto.

"Spika za nyuma ndizo zinazofanya kazi hiyo," muuzaji akasema.

"Hiyohiyo. Nifungie hiyohiyo."

Njiani Profesa akanitania. "Zawadi yote hiyo kwa mlinzi mzima aliyeshindwa na ngazi!" Nikacheka naye. Wote tulikuwa tukimtania hivyo, hata mbele yake, na yeye alikuwa akicheka kidogo.

Jumamosi mchana Profesa akaunganisha waya, akatusomea kitabu cha maelekezo kwa sauti ya mkuu wa shule, akajisifu, akaondoka. Binti akaenda kumwomba baba yake atoke. Sijui alimwambia nini, lakini nilimwona anatoka, mkono begani kwa mtoto, anapima sakafu kwa unyayo. Nilibana kilio, jamani.

Kiti tulikiweka katikati ya sebule, spika mbili nyuma yake. Hakukaa mara moja.

"Niwekeni ukutani."

"Ukutani sauti haizunguki, mume wangu. Kaa hapa ufaidi."

"Nyuma kuna nini?"

"Spika tu. Kaa bwana, usituharibie raha."

Akakaa. Binti akawasha. Mvua ikanyesha chumba kizima, geti likalia, mwanamke akazungumza kwa mbele. Mume wangu akainamisha kichwa, akasikiliza, kisha akatabasamu. "Huyo atamsaliti mumewe," akasema. "Ngojeni muone." Binti akamrushia mto! Mimi roho yangu ikatulia kwa mara ya kwanza tangu ajali. Nikasema, nimempata.

Ndipo viatu vikaanza. Vilitoka mbele, vikapita kulia, vikaenda nyuma yake vikasimama.

"Sina funguo!" alipiga ukelele. "Nimewaambia sina funguo!"

Alijitupa chini, mikono yote miwili kaifunikia kisogo. Nami kwa ujinga wangu nikamkimbilia nikamkumbatia kwa nyuma. Kiwiko kikanipiga mdomoni, nikaona nyota. Binti akachomoa waya ukutani. Tukabaki tunasikia tu yeye anavyohema.

"Ni mimi," nikasema. "Ni mke wako."

Akanipapasa uso, akagusa damu, akaanza kulia. Nikamtuma binti jikoni alete maji. Alipoondoka tu, mume wangu akanivuta karibu na mdomo wake.

"Sikudondoka," akanong'ona. "Walinipiga. Walikuja kwa nyuma."

"Nani?"

"Wawili. Walitaka funguo za ghala. Nilipoanguka wakadhani nimekwisha. Walipoona napumua, wakanitajia shule ya mtoto, hadi rangi ya mkoba wake. Wakasema nimedondoka ngazi, na nisisahau."

"Uliwatambua?"

"Mmoja. Ile sauti naifahamu. Ni bosi wa zamu. Yule aliyekuja hospitali na matunda."

Nikakaa chini. Yule nilimpa kiti changu. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili nikimshukuru kwa kutujali. Alipouliza siku hizi tunakaa wapi, nilimwelekeza mwenyewe, kona kwa kona, mpaka rangi ya geti, nikamwambia aje wakati wowote, asibishe hodi kama mgeni. Na mume wangu alikuwa amelala palepale kitandani, akinisikia, asiweze kuninyamazisha.

"Mlango umefungwa?" akaniuliza.

Nikainuka nikafunga komeo la juu, nikafunga la chini, nikavuta mapazia. Binti akatoka jikoni na bilauri ya maji, akatutazama.

"Mama, mchana wote huu mbona tunafunga?"

Nilifuta damu mdomoni, nikamwambia kuna upepo.