Sargan Nag Atafuta Mzigo

Bhimi Devi alikuwa akikanda unga wa mikate yenye kokwa za jozi ndani pale mungu wa ziwa alipoingia jikoni mwa nyumba yake ya wageni, akavua viatu, akauliza kama kuna chumba chenye maji ya moto.

Bhimi akamwambia kipo cha mbele. Alimfahamu tangu utotoni: huyu alikuwa Sargan Nag, mwenye ziwa lililo juu ya malisho. Kila mwaka wanakijiji walimpandisha kwa machela akaoge ziwani mwake, ndipo mvua inyeshe. Mwaka huo ile milima ilifanywa hifadhi ya taifa. Wageni waliruhusiwa kupanda kuitazama. Wenyeji, mbuzi wao na mungu wao waliambiwa wanaharibu mandhari, wakazuiwa kupanda.

Hakuwa mpangaji mzuri. Alimaliza samli, akalowesha magodoro, na chai kila siku aliikuta haina tangawizi. Bhimi alivumilia mpaka alipoona matufaha yake yamedumaa mtini kwa kukosa mvua, madogo kama gololi. Akamshika mungu mkono, wakaenda lango la hifadhi.

Zamu ilikuwa ya Khem, mtoto wa dada yake, ndani ya sare iliyompwaya. Khem akainama akagusa miguu ya Sargan Nag kwa heshima zote, kisha akamwambia haingii.

"Mwenye nyumba naye haingii?" Bhimi akauliza.

"Mama mdogo, usiniponze. Mtalii anaingia, mpagazi anaingia. Mwenyeji ndiyo basi."

Kando ya lango wageni walikuwa wanahangaika na mabegi makubwa kama ndama. Bhimi akayatazama, akamtazama mungu.

"Basi huyu ni mpagazi, na mimi mpishi. Inama, mzee."

Sargan Nag akainama. Alinung'unika kwamba tangu dunia iumbwe yeye ni wa kubebwa, hajabeba kitu. Bhimi akamjibu kuwa inaonekana, akamkaza mikanda, kisha akajitwika sufuria ya wageni.

Wakapanda. Walipopita malishoni, pale Bhimi alipochungia mbuzi wa baba yake, majani yalimfika kifuani na kibanda chao kilikuwa kimebomolewa. Akajifanya anarekebisha sufuria kichwani.

Ziwani wageni wakavua nguo wakajitosa. Sargan Nag akaweka begi chini, akaomba ruhusa naye aoge. Kiongozi wa msafara akamwambia kwa upole kwamba wapagazi hawaogi humo, lile ni ziwa takatifu.

Mungu akakaa juu ya jiwe, mdomo umemshuka. Bhimi akachota maji kama anayetaka kuosha vyombo, akamwita nyuma ya mwamba, akammwagia sufuria nzima utosini.

"Masikio usugue mwenyewe," akamwambia.

Kabla hajakauka, mvua ilikuwa inanyesha kijijini.

Msimu uliofuata Sargan Nag alifika langoni mapema, kwa sababu mungu wa kijiji cha ng'ambo naye alikuwa anatafuta mzigo.