Jezi ya Mlingoti

Fundi alishinda na futi ya kamba shingoni, kama daktari na kile chombo chake cha kusikilizia mioyo, lakini kuitumia hakuitumia. Alijisifu kwamba jicho lake halikosei. Mteja akiingia mlangoni, kabla hajamaliza salamu, fundi keshajua upana wa kiuno chake, na kama ni mwanamke aliyejaaliwa, keshajua na mengine. Waliorudi kulalamika waliambiwa wamenenepa njiani.

Chumba chake kiligawanywa katikati kwa ubao mwembamba. Huku cherehani, kule kiti cha kinyozi na redio yake. Ubao ule ulizuia nywele zisiingie kwenye vitambaa, ila maneno yalipita yapendavyo, na maneno ya chumba kile yalikuwa mpira wa kikapu tu. Timu ya wanawake ya mji ule ilishonewa jezi hapo hapo, tangu fundi akiwa kijana, na kila siku wale wawili walipambanisha wachezaji wa zamani na wa sasa mpaka wateja wakasahau walichofuata.

"Mlingoti wako angecheza leo, tungemtafuta uwanjani kwa tochi," alisema kinyozi, mkasi ukilia. "Siku hizi mtu anatupa kutoka mbali, pointi tatu hizo. Mlingoti alitupia wapi? Chini ya pete, kama anayeanika nguo."

"Mstari wa pointi tatu haukuwepo. Angetupa kutoka mbali apate nini, shikamoo?" Fundi alikanyaga cherehani kwa hasira. "Na uwanja wenyewe saruji imepasuka, ukianguka unaacha ngozi. Hawa wenu wakiguswa kidole, filimbi. Mlingoti alikuwa akiingia na jezi kaifunga fundo ubavuni. Ukiona lile fundo, ujue leo kuna mtu atalia. Mji mzima wasichana wakafunga mafundo, hata wa kwenda kisimani."

"Hawa wetu ni pamoja na mwanao."

"Hata mwanangu. Hamfikii Mlingoti begani."

Kinyozi alikohoa kikohozi kile cha kumwonya mtu, lakini kilikuja kimechelewa. Binti alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake wa mazoezi. Uwanjani walimwita Cheche. Msimu ule, kama uliopita, yeye ndiye aliyefunga kuliko wote kwenye ligi, na mji mzima ulikwisha kulisema hilo, sokoni na misibani. Aliyebaki kulisema alikuwa mtu mmoja, naye alikuwa baba yake.

"Shikamoo baba. Shikamoo baba mdogo," alisema, kana kwamba masikio kayaacha nyumbani. "Baba, jezi inanibana kwapani. Nilikuomba uilegeze."

"Mlingoti hakurudisha jezi hata siku moja."

Cheche akaitazama futi shingoni mwa baba yake, akainua mkoba, akaenda zake.

"Mcheza kwao hutunzwa," alisema kinyozi. "Wewe wako unambana makwapa."

"Nyoa watu, bwana."

Wiki hiyo timu ilitangaza kwamba namba ya Mlingoti itatundikwa ukutani, asiivae mtu mwingine tena, na kwamba mwenyewe atakuja kutoka mbali alikokuwa akiishi kwa mwanawe. Fundi akaagizwa jezi ya heshima. Katibu wa timu alimwambia, Mlingoti keshafika, kafikia kwa dada yake, nenda ukampime.

"Nimpime Mlingoti?" Fundi alicheka. "Yule nimemkariri."

Akakata kwa kumbukumbu. Alikata kwa mapenzi pia, tuseme ukweli, na mapenzi hayajawahi kupunguza kitambaa. Alipoitundika dukani, kinyozi alichungulia pembeni mwa ubao, akauliza kama ni jezi au hema.

Siku ya mechi fundi alivaa koti lake jema, akakaa mstari wa mbele. Wachezaji walijipanga, Cheche akiwa wa kwanza kwa kuwa ndiye nahodha. Mlingoti akaingia.

Fundi alimtafuta juu, pale macho yake yalipozoea kumtafuta, akakuta hewa. Ilibidi ayashushe. Aliyekuwa akija ni bibi mnene kiasi, mwenye mwendo wa taratibu na kicheko cha karibu. Alipompa mkono Cheche, aliinua uso kumtazama.

Wakamvisha jezi juu ya gauni. Ikateremka, ikateremka, ikaja kutua magotini. Matundu ya mikono yalimkalia kiunoni, na ile namba, badala ya kuwa kifuani, ikawa tumboni kama sahani. Kicheko kilianzia kwa watoto kikapanda ngazi hadi juu kabisa. Katibu alimtafuta fundi kwa macho, na watu wote wakafuata macho ya katibu.

Fundi alitamani saruji ya uwanja ule ipasuke tena kama zamani, immeze na koti lake. Alijitia kutafuta kitu mfukoni. Mfuko ulikuwa mtupu, naye akaendelea kukitafuta.

Mlingoti hakuhangaika. Alikusanya kitambaa ubavuni, akakizungusha, akakifunga fundo. Jezi ikapanda, namba ikarudi kifuani, na wazee waliomkumbuka wakasimama kupiga makofi. Kicheko kikamezwa.

Sherehe ilipokwisha alikwenda moja kwa moja mpaka alipo fundi, Cheche akimshika mkono. Kinyozi naye, bila kualikwa, alisogeza sikio.

"Mdogo wangu, hujabadilika," Mlingoti alisema akicheka chini chini. "Unakumbuka nilipokuja kupimwa mara ya kwanza? Kijana ana haya huyo. Ulijificha nyuma ya cherehani, ukaniangalia kwa jicho moja kama mtu anayelenga ndege, ukasema, nenda dada, nimeshakujua. Jezi ilipokuja ningeweza kubeba mtoto ndani yake. Hili fundo mnalolisifu, mwenzako nilikuwa naogopa kukanyaga pindo nianguke mbele za watu."

Fundi alisikia masikio yakiwaka. "Mbona hukusema, dada?"

"Ndiyo kwanza ulikuwa umeanza kazi, mtoto wa watu. Ungeona aibu."

Kinyozi akageuka kutazama ukuta usio na kitu.

Mlingoti alikuwa keshahamia kwa Cheche. Aliuinua mkono wake, kama wanawake wakubwa wanavyowashika wasichana bila kuomba ruhusa. Chini ya kwapa, pale mshono ulipopita, ngozi ilikuwa nyekundu imechubuka, na palionekana makovu ya michubuko ya zamani.

"Nani kakushonea hii, mwanangu?"

Cheche hakumtazama baba yake. "Kosa ni langu, shangazi. Nilimwambia aibane. Ndiyo mtindo wa sasa."

Hapo fundi alikuwa na nafasi ya kusema neno. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Alifungua mdomo, akaona kinyozi anamwangalia, akaufunga. Uongo wa binti yake ukapita mbele yake, naye akaupisha.

Mechi ikaanza. Watu waliangalia mpira. Fundi aliangalia kwapa. Kila Cheche alipoinua mkono kutupa, bega lilikwama kidogo kabla halijanyooka, na kila alipofunga, kabla hajashangilia, alivuta kwanza kitambaa kwa kidole. Alifunga sana siku hiyo. Baba mtu alipigiwa makofi mgongoni na majirani, na kila kofi lilimwingia kama pini.

Asubuhi yake Cheche alikuja kumletea chai dukani. Fundi alimwambia asimame katikati ya chumba.

"Kuna nini?"

"Nikupime."

"Kwani jicho limeugua?"

Fundi alijaza pini mdomoni, zaidi ya zilizohitajika, akavua futi shingoni. Ilikuwa ngumu kwa kukaa bila kazi, imeshika umbo la shingo. Alijaribu kulifikia bega la binti yake, akanyoosha mkono, akajikuta anasimama kwa vidole vya miguu. Akavuta kigoda. Akapanda.

"Inua mkono."

Akauinua. Mchubuko ulikuwa umekauka kidogo.

"Inauma?" aliuliza katikati ya pini.

"Nimeizoea."

Fundi aliganda juu ya kigoda, futi ikining'inia. Kisha akapima, taratibu, kwapa la kulia na la kushoto, na mgongo, na urefu wote, akaandika kwa chaki juu ya meza. Alinong'ona kitu.

"Nini, baba?"

"Nasema unampita."

"Sijasikia. Toa pini mdomoni kwanza, ndipo useme."

Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye ukosi wa shati, bila haraka, mpaka mdomo ukabaki mtupu. Upande wa pili wa ubao, kinyozi akazima redio.