Meno ya Mogitu

Mwalimu Wilbard alipohamishiwa Mogitu mwaka tisini na mbili, alikuja na vitu viwili ambavyo hakuna aliyeweza kukosa kuviona: meno meupe na dharau. Meno alipewa na Mungu huko kwao Kagera. Dharau aliipalilia mwenyewe, msimu hadi msimu, kama wenzake walivyopalilia mahindi.

Alifundisha sayansi darasa la sita. Kila Jumatatu alikagua usafi mstarini. Kucha alizipita haraka, nywele alizitazama kwa mbali, ila kwenye meno alitulia. Watoto wa Mogitu walikuwa na meno ya kahawia, mengine yenye mistari, mengine yamemomonyoka vishimo vishimo. Mwalimu alikuwa akitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa chakula kilichoungua.

Siku ya somo la meno alimwita mbele Marieta, binti wa mzee Sulle.

"Cheka," alimwambia.

Marieta hakuwa na la kumchekesha, lakini akafunua mdomo. Mwalimu akamnyooshea fimbo ya kuonyeshea ubao, karibu kabisa na mdomo wake.

"Hili ni jino la mtu asiyejua mswaki. Mnaona? Rangi ya chai ya mkandaa. Nenda bombani, chukua mkaa na mchanga, sugua mpaka nikuite."

Marieta alisugua kipindi kizima. Fizi zilitoka damu, meno yakabaki vilevile. Jioni alimweleza mama yake, Bernadina, aliyekuwa akikamua.

"Mwambie huyo mwalimu wako," Bernadina alisema bila kuacha kukamua, "hata huyu ng'ombe ana meno kama yako. Naye anakunywa chai?"

Kesho yake, kwa utii wa mtoto asiyejua hatari, Marieta alinyoosha mkono akalisema hilo darasani. Mwalimu Wilbard alicheka mpaka akashika meza.

"Kwa hiyo wewe na ng'ombe wa baba yako mnasoma darasa moja?"

Darasa zima likaangua kicheko, na wenye meno ya kahawia ndio waliocheka kwa sauti kubwa zaidi. Hakuna aliyejiuliza swali dogo ambalo mtu wa sayansi angepaswa kujiuliza: kwa nini ng'ombe? Mwaka mzima ule, hilo lilikuwa jambo pekee la kisayansi lililosemwa katika chumba kile, na lilisemwa na mkamuaji. Tangu siku hiyo Marieta alianza kucheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Aliuziba mdomo ule miaka minane. Aliuziba sekondari, akauziba kanisani wakati wa kuimba, akauziba alipoposwa na kijana wa Dongobesh. Kijana yule alidhani ni haya na akampenda zaidi. Aliondoa kiganja chuo cha uuguzi, siku mkufunzi alipobandika ukutani picha ya meno ya kahawia yenye mistari. Marieta alidhani wamempiga picha yeye.

"Haya si uchafu," mkufunzi alieleza. "Maji ya sehemu zenye volkano za zamani huwa na madini ya floraidi. Kidogo ni dawa, kikizidi ni balaa. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi, gamba la nje la jino linaharibika kabla jino halijachomoza. Likichomoza, huwezi kulisafisha. Halina uchafu. Limezaliwa hivyo. Hata mifugo inapata."

Hata mifugo. Wenzake waliandika. Marieta aliweka kalamu chini. Alikumbuka mchanga na mkaa, akahisi hasira iliyochelewa sana kiasi kwamba haikujua imwendee nani.

Mwaka wa elfu mbili na mbili, mkoa wa Manyara ukiwa mpya na kila ofisi ikibadilisha mihuri, Marieta alikuwa nesi wa zahanati moja kule kule nyumbani. Asubuhi moja mlango ulisukumwa na Mwalimu Wilbard, mvi zimemwanza. Nyuma yake alifuata mkewe Perpetua na mtoto mchanga mgongoni, na binti yao wa miaka saba, Erica.

"Shikamoo mwalimu. Shikamoo mama."

"Marahaba," alijibu mwalimu bila kumtazama. "Nataka mganga mwenyewe."

"Yuko Katesh kwenye semina. Niko mimi."

Akashusha pumzi kama mtu aliyepewa chenji pungufu. "Basi sikiliza. Huyu binti anasugua meno mara tatu kwa siku, kwa dawa ya dukani niliyoagiza Arusha. Angalia yanavyoota! Soko huria hili limetuletea takataka. Hii dawa ni feki. Nataka uandike barua kwamba ni feki."

Erica alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Marieta aliutazama mkono ule mdogo kwa muda. Kisha akachuchumaa mbele ya mtoto. "Toa mkono, mama. Mimi pia nina ya hivyo. Ona." Akafunua meno yake yote. Erica akatazama, akatoa mkono. Meno mawili ya mbele, mapya kabisa, yalikuwa na mistari ya kahawia.

"Mnakunywa maji ya wapi?"

"Kisima cha pampu cha shule. Na tunachemsha! Mimi ni mwalimu wa sayansi."

"Kuchemsha kunaua vijidudu, mwalimu. Floraidi haifi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki palepale, inakolea. Na maharage mnapikaje?"

"Kwa magadi," alisema Perpetua. "Ya ziwani Balangida. Yanaiva upesi."

"Nayo yana floraidi, mama. Tena nyingi."

Marieta akawaeleza kama alivyoelezwa chuoni. Mwalimu alisikiliza huku akitafuta pa kutokea, na alipodhani amepapata akaruka.

"Mbona mimi nimekunywa maji hayo miaka kumi na meno yangu ni meupe?"

"Wewe ulikuja yameshaota."

Perpetua alimgeukia mumewe.

"Mwezi uliopita ulimchapa. Ulimchapa mtoto kwamba hasugui."

Mwalimu Wilbard akageukia ukuta wenye picha ya chanjo, akaisoma kwa makini. Baadaye akamtazama nesi kama anayemwona sasa hivi. "Wewe si wa mzee Sulle?"

"Ndiyo."

"Aa! Ulikuwa mtoto mwerevu sana."

Uongo mtupu. Marieta alingoja, akidhani neno jingine linafuata.

"Sisi tulifundisha kilichokuwa kitabuni," alisema mwalimu, akachukua kofia yake.

Kitabu kile Marieta alikisoma. Hakikuwa na mkaa wala mchanga.

Aliyezingatia ushauri alikuwa Perpetua. Aliacha magadi na kununua tangi, akafunga mifereji kwenye bati ili mtoto mchanga, Dionis, apate maji ya mvua. Kiangazi alifuata maji ya chemchemi iliyopimwa na watu wa maji.

Mwaka uliofuata shule iliitisha mkutano wa wazazi. Mwalimu Wilbard alisimama mbele na mchoro wa jino uliochorwa kwa rangi nne. "Katika uchunguzi wangu wa muda mrefu," alianza, na akafundisha vizuri, hilo lazima lisemwe. Wazazi walielewa. Walikubaliana kuchanga mifuko ya mahindi ili shule ipate matangi mawili ya mvua. Walimpigia makofi. Mtendaji wa kata akamwomba nesi atoe neno la shukrani.

Marieta alisimama. Bernadina, aliyekaa mstari wa mbele, alikuwa akimwangalia mwalimu kama anavyoangaliwa mbuzi aliyeingia shambani.

"Yote aliyosema mwalimu ni kweli," alisema Marieta. "Amesahau moja tu. Hapa wako watu waliosugulishwa meno kwa mchanga mpaka wakatoka damu, na watoto waliochapwa, kwa kosa la kunywa maji ya kwao. Nadhani mwalimu ana neno la kuwaambia."

Watu wakamgeukia. Mwalimu Wilbard alikunja mchoro wake taratibu, akaukunja tena, mpaka ukawa mdogo kama bahasha.

"Muda umetuishia," alisema. "Tuombe tufunge."

Katekista akafunga kwa sala. Matangi yalijengwa kabla ya masika, na wanafunzi wakachota. Marieta alirudi zahanati, ambako kina mama watano walikuwa wakimsubiri na watoto wao. Aliwaita mmoja mmoja, akiwauliza kwanza kuhusu maji.