Enduru Haipigwi Bure

Kompyuta ya Jalpa iliingia nyumbani kwangu Muleba ikiwa imevaa masweta. Nimefundisha shule mpaka nikastaafu, nimepokea wageni wa kila aina, lakini sijawahi kuona mgeni akivuliwa nguo sebuleni mbele ya majirani. Jalpa aliitoa begini, akaivua sweta moja baada ya jingine, na ndani tukakuta sanduku jeusi la chuma, zito kama kreti la soda. Alikuwa ameitoa Leicester, Uingereza, akabadilisha nayo ndege, akahojiwa na watu wa forodha, na kutoka uwanja wa ndege wa Bukoba hadi kwangu aliipakata.

"Kompyuta ndogo ingechemka ikafa," aliniambia. "Filamu yangu ni nzito, Mae."

Mae ni mama kwa Kihaya. Nilimfundisha siku ile ile aliyofika, kwa sababu kuitwa Bi Klaudia kulinifanya nijisikie niko benki.

Filamu yenyewe ilikuwa katuni, na aliichora mwenyewe. Babu yake, Mzee Dhirubhai, aliwahi kuwa na duka la vitambaa Bukoba mjini, na bibi yake Laxmi alimlea huko Uingereza kwa Kiswahili cha dukani na kwa hadithi moja ya Kihaya: chui anaingia kijijini, wenye nguvu wako mbali mashambani, na kikongwe aliyebaki peke yake na watoto anapiga enduru. Jalpa alitaka sauti za watu wa huku, na sauti ya kikongwe ikawa yangu. Sitaficha, niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Nilikuwa naamka asubuhi nikijisemesha bafuni.

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa enduru. Enduru ni yowe letu la hatari. Ukilisikia unaacha chakula mezani na kukimbia na chochote ulichoshika, hata kama anayelia ni adui yako, maana asiyeitikia enduru ya mwenzake, na yake haitaitikiwa.

"Ni kidogo tu, Mae," Jalpa alinibembeleza na kinasa sauti mkononi.

"Hakuna enduru kidogo. Na haipigwi bure. Ndyamukama akitokea hapa na panga, nimwambie tunacheza?"

Ndyamukama ni jirani yangu wa bondeni. Tulikuwa hatusemeshani tangu mbuzi wake walipomaliza maharage yangu, na sikuwa na haja ya kumpa sababu ya kunicheka. Basi Jalpa akajaribu mwenyewe, ikatoka sauti ya kuku mwenye mafua. Filamu nzima ikawa tayari, imebaki tundu pale kikongwe anapofumbua mdomo.

Ugomvi wa pili ulikuwa umeme. Umeme wetu huja na kuondoka bila kuaga, kama paka wa jirani, na ukirudi hurudi na hasira. Kwa hiyo Jalpa aliizungushia ile mashine ulinzi wa kifalme. Kulikuwa na stebilaiza ya kutuliza umeme, kulikuwa na UPS, lile sanduku la betri linaloshika umeme ukikatika, na juu ya vyote kulikuwa na amri: mtu asiiguse. Hata mimi. Nyumba yangu, meza yangu, halafu nipite kwa kunyata! Nilinuna siku nzima.

Kisha UPS ikafa. Ikafa wakati mbaya kuliko wote, maana tamasha la filamu la Kigali lilikuwa linapokea kazi mpaka kesho yake jioni, na filamu ilikuwa humo tu. Nakala ya akiba ilikuwa kwenye diski iliyochomekwa humo humo. Asubuhi hiyo upepo uliangusha tawi la mparachichi juu ya nyaya, umeme ukakatika. Jalpa akakumbatia UPS yake na kukimbilia Bilele, Bukoba, kwa fundi Twaibu. Katika haraka zake aliacha kompyuta imechomekwa moja kwa moja ukutani, bila hata stebilaiza, na swichi imewashwa.

Nilikuwa jikoni kwangu, lile la nje, napuliza kuni na macho yananitoka machozi, simu ikalia. Namba nisiyoijua.

"Mae, ni mimi Jalpa, natumia simu ya Twaibu. Moto unakuja, Mae. Moto mwingi sana. Itoe kompyuta!"

"Moto? Uko wapi?"

"Ukutani, nyuma ya meza. Usishike na mikono yenye maji..."

Mtandao ukaanza kukoroma. Nami sikungoja uache. Sikuchungulia dirishani, sikunusa, na hata ningenusa ningenusa moshi wangu mwenyewe. Niliwaza picha zote zile alizochora binti wa watu, nikatoka hadi uani na simu mkononi, sijaikata, nikapiga enduru. Niliipiga kwa pumzi yote niliyokuwa nayo.

Walikuja, tena upesi. Migomba ilifunguka kila upande: wanawake na masufuria, jirani yangu Bartholomayo na jembe, na mbele ya wote Ndyamukama, mzee mzima, na ndoo ya maji ya mbuzi wake. Nikawapigia kelele kwamba ni moto.

"Uko wapi?"

"Nyuma ya meza ya kompyuta!"

Akaingia, akainua ndoo, akalenga mashine. Nilijitupa katikati na maji yote yakaniishia kifuani.

"Unamwagia kompyuta?"

"Moto hauchagui, Mwalimu."

"Basi itoe nje!"

Akachomoa nyaya zote kwa mkupuo mmoja. Wakailaza ile mashine kwenye godoro langu, wakaibeba kama wanavyobebwa wagonjwa, mmoja akiimba "pole pole, pole pole", mpaka chini ya migomba. Wakaifunika majani, maana mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Amri ya Jalpa ilivunjwa na kijiji kizima.

Ndyamukama alizunguka nyumba, akarudi.

"Mwalimu, huo moto uko wapi?"

Nikapiga ile namba. Akapokea Twaibu mwenyewe, na nilipomweleza alicheka mpaka nikatamani kumchapa kwa simu. "Mama, si moto wa kuni. Sisi mafundi umeme tunauita moto. Waya wenye umeme ni waya wa moto. Huyu binti amekaa hapa tangu asubuhi, ameokota maneno yetu. Lile tawi limeharibu nyaya zenu, umeme ukirudi utazidi. Kaichomoe tu."

Kaichomoe tu. Na mimi nimesimamisha kijiji. Niliwageukia majirani nimelowa, nikaanza kueleza, nikaona nyuso zinabadilika. Anayepiga enduru ya uongo hutozwa pombe ya watu wote, lakini pombe si kitu. Kitu ni kwamba siku nyingine atapiga na watu watasema, mwacheni, ni yule wa juzi. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia mbele ya Ndyamukama, na nilikuwa nimejisikia vibaya mbele yake mara nyingi.

Hapo ndipo umeme uliporudi. Balbu ya sebuleni iliwaka nyeupe, ikapasuka. Redio yangu, iliyochomekwa pembeni ya pale ilipokuwa kompyuta, ikatoa mlio mmoja, kisha moshi mweusi, kisha ulimi wa moto. Bartholomayo akaruka ndani, akagonga swichi kuu kwa mpini wa jembe, na Ndyamukama akaizima redio kwa blanketi langu zuri.

Alitoka akijifuta masizi. Akayatazama majani ya migomba yaliyofunika kompyuta.

"Haya, tumeuona," akawaambia watu. "Enduru ilikuwa halali."

Jalpa alirudi mchana na Twaibu, na betri ya gari, na UPS iliyopona. Aliikumbatia mashine kwanza, mimi baadaye, nikamsamehe. Twaibu aliirudisha mezani, akaiunganisha na betri bila kuugusa ukuta. Jalpa akabonyeza. Kioo cha kompyuta kikawaka na kikongwe wangu akatokea, mzima. Nilipiga vigelegele kama nimemwoza binti.

Lilibaki lile tundu. Jalpa alinitazama, hakuomba. Twaibu akakohoa.

"Simu yangu hurekodi kila anayenipigia na ninayempigia," akasema. "Wateja hukana walichokubali."

Akabonyeza, na kumbe imo. Enduru yangu yote, kuanzia pumzi ya kwanza. Jalpa alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Akaisafisha mikoromo, akaiweka pale kikongwe anapofumbua mdomo, akafungua spika mpaka mwisho. Ilitoka dirishani ikaijaza migomba yote, na mimi nilikumbuka nikiwa nimechelewa.

Miguu ilisikika inakuja mbio. Mlango ukasukumwa, Ndyamukama akasimama pale, anahema, na ndoo imejaa pomoni.

Aliangalia kioo, ambapo kikongwe alikuwa ameweka mikono kichwani.

"Walikuja?" akauliza.

"Weka ndoo chini, baba, ukae," nikamwambia, na nikamsogezea kiti changu. "Tazama mwenyewe."

Kwenye picha ya mwisho, ile inayobaki imesimama, watu wanatokea migombani, na wa kwanza wao ni mzee mwenye mkuki. Jalpa alimwangalia mzee huyo, akamwangalia Ndyamukama. Akachukua kalamu yake ya kuchorea, akaufuta mkuki, akamchorea ndoo. Filamu ilikwenda Kigali hivyo hivyo.